Mchanga Mweusi: Jinsi ya Kupata Chuma na Oksidi ya Titani kwa Sumaku, Mkaa na Maji

Wanaoanza huuliza mambo yale yale. Mchanga huu unaonata kwenye sumaku una titani? Nikiutia kwenye tanuri la mkaa nitapata metali? Nitumie asidi gani? Majibu yamo humu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kwa mkupuo wa gramu 300, kiasi ambacho mtu mmoja anakimudu bila haraka.

Kabla hujanunua hata sumaku, elewa hili: titani ya metali huipati kwa njia hii. Titani ikiwa moto hunyonya oksijeni na nitrojeni ya hewani, na ikikutana na kaboni kwenye joto kali hugeuka kabidi, yaani titani iliyoungana na kaboni. Viwandani huifanya kwanza kuwa kloridi ya titani kwa gesi ya klorini, kisha huinyang'anya klorini hiyo kwa magnesi iliyoyeyuka, ndani ya chombo kilichofungwa kisichoingia hewa. Hiyo ndiyo njia ya Kroll. Usiijaribu. Kloridi ya titani ikigusa unyevu tu hutoa moshi wa asidi ya hidrokloriki, na mapafu yako hayatakusamehe.

Unachoweza kupata ni vitu viwili: chuma, hasa kutoka magnetiti (oksidi ya chuma), na punje za oksidi ya titani kutoka ilmeniti (madini ya chuma na titani pamoja). Kwa ilmeniti tunafuata kwa udogo njia ya Becher, iliyobuniwa Australia Magharibi. Chuma kilichomo ndani ya punje kinanyang'anywa oksijeni kwa mkaa bila kuyeyusha chochote, kisha kinaachwa kishike kutu ndani ya maji. Kutu inaondoka na maji, titani inabaki.

Yaliyomo ndani ya mchanga

Rangi nyeusi haitoshi kukuambia kitu. Angalia uzito na tabia mbele ya sumaku:

- Magnetiti: nyeusi, uzito wake karibu mara 5.2 ya maji. Sumaku ya kawaida inaivuta kutoka mbali. Ikiwa safi, 72% yake ni chuma.
- Ilmeniti: nyeusi, mara 4.7 ya maji. Sumaku ya kawaida haiitikisi. Sumaku kali ya neodimi huivuta kwa karibu. Ikiwa safi ina chuma 37% na oksidi ya titani 53%. Ilmeniti iliyochakaa kwa mvua na jua vya miaka mingi hupungukiwa chuma, hivyo kiwango chake cha titani huwa juu zaidi.
- Rutili: nyekundu iliyokolea hadi kahawia, mara 4.2. Ni oksidi ya titani tayari. Haivutwi.
- Zirikoni: haina rangi au ni ya waridi hafifu, mara 4.6. Haivutwi.
- Ganeti: nyekundu au waridi, mara 3.5 hadi 4.3. Huvutwa kidogo, na ndiyo huwachanganya wengi.
- Monaziti: njano ya asali, mara 4.6 hadi 5.7. Ina thoriamu, kwa hiyo ina mnururisho.
- Mchanga mweupe wa kawaida: mara 2.65.

Monaziti ndiyo sababu ya onyo la kwanza: usivute vumbi la mchanga huu. Mchanga ukiwa mzima ufukweni hauna shida kubwa, lakini unapouosha na kuuchambua unakusanya vizito mahali pamoja. Vaa barakoa ya vumbi wakati wote unaposhika mchanga mkavu, nawa mikono kabla ya kula, wala usiweke ndoo ya mabaki mazito chumbani kwa kulala.

Vifaa

- Mchanga mweusi, kilo 5 hadi 10, uliochukuliwa kwa ruhusa. Sehemu nyingi madini ya ufukweni na mtoni yana sheria zake; uliza kwanza.
- Karai la kuoshea na ndoo tatu
- Chekeche la matundu ya milimita 1
- Sumaku ya kawaida (ile nyeusi ya spika inafaa) na sumaku ya neodimi ya upana wa sentimita 4 au zaidi
- Mifuko myembamba ya plastiki, karatasi nyeupe
- Mizani inayosoma gramu 1
- Chungu cha kuyeyushia cha udongo na grafaiti, chenye mfuniko, cha ujazo wa lita 1
- Udongo wa mfinyanzi wa kuziba mfuniko
- Tanuri lenye feni au mvukuto, linaloweza kushikilia nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa saa nne
- Mkaa wa miti, kilo 1 kwa ndani ya chungu, na mwingine wa kuwasha tanuri
- Vipande vifupi vya waya wa shaba
- Amoni kloridi, gramu 100
- Asidi ya sitriki, gramu 200
- Pampu ndogo ya hewa ya tanki la samaki
- Miwani ya kinga, glavu za ngozi, koleo ndefu, nguo za pamba

Sehemu ya kwanza: kuchenjua

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Moto hausahihishi mchanga uliochambuliwa ovyo. Wanaoanza hukimbilia tanuri, wakapata donge la kioo cheusi, kisha wakalaumu mkaa.

1. Chekecha na upime. Pitisha mchanga kwenye chekeche, tupa makombe, mizizi na kokoto. Andika uzito. Utapima tena baada ya kila hatua; bila namba hizo hutajua hitilafu ilianzia wapi.

2. Osha kwenye karai. Jaza karai mchanga usiozidi theluthi, zamisha ndani ya maji, tikisa vizito vishuke chini, kisha inamisha na uache mchanga mweupe utiririke. Rudia hadi kilichobaki kiwe cheusi karibu chote. Fanyia kazi hii juu ya ndoo: mara ya kwanza lazima utamwaga vizito, na utataka kuvirudisha. Ukiona wekundu mwingi wa ganeti, osha tena taratibu. Ganeti ni nyepesi kuliko ilmeniti, na inatoka kwa uvumilivu.

3. Kausha kabisa. Tandaza kwenye bati juu ya moto mdogo hadi punje zitiririke bila kushikana. Unyevu kidogo tu hugundisha punje, na sumaku itabeba kila kitu. Acha upoe kabla ya kuendelea.

4. Toa magnetiti. Tandaza mchanga kwenye karatasi, unene wa punje moja au mbili. Tia sumaku ya kawaida ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu kwa sentimita 2 hadi 3. Magnetiti itaruka. Peleka juu ya chombo kingine, vuta sumaku kutoka ndani ya mfuko, punje zitaanguka zenyewe. Usiguse punje kwa sumaku tupu hata mara moja, utahangaika kuisafisha.

Rudia mara tatu. Kisha chukua magnetiti uliyokusanya, itandaze, uipitie upya. Magnetiti husimama kama manyoya na kubana punje za ilmeniti katikati yake. Mpito wa pili ndio unaozirudisha.

5. Toa ilmeniti. Sasa tumia neodimi, ndani ya mfuko mwembamba uliokazwa vizuri. Hakikisha magnetiti imekwisha, la sivyo itaifunika sumaku yote kwa mpito mmoja. Safari hii shuka karibu, milimita 3 hadi 5 juu ya mchanga. Ilmeniti itapanda. Ukishuka hadi kugusa, ganeti na monaziti nazo zitaanza kufuata. Anzia juu, shuka polepole, na simama pale unapoanza kuona rangi isiyo nyeusi.

Kinachobaki kwenye karatasi ni rutili, zirikoni, mchanga mweupe, na ganeti na monaziti zilizokuwemo. Kutenganisha rutili na zirikoni kunahitaji mashine ya umeme tuli, kwani rutili hupitisha umeme na zirikoni haipitishi. Kwa mikono, iache.

6. Pima kabla ya kuchoma. Peleka gramu 50 za ilmeniti maabara yenye mashine ya kupima elementi kwa eksirei. Omba wakusomee titani, chuma, kromi, thoriamu na zirikoni. Kama huna maabara, saga chembe chache na uzisugue kwenye upande usiong'aa wa kigae cheupe: ilmeniti huacha mstari mweusi au kahawia iliyokolea, hematiti (oksidi nyingine ya chuma) huacha mwekundu. Kipimo hicho hakikupi asilimia, ila kinakuzuia kuchoma kitu kisichokuwa chenyewe.

Sehemu ya pili: moto

Mkupuo wa kwanza uwe wa magnetiti, hata kama unachotaka ni titani. Magnetiti hupoteza uzito mwingi na chuma chake kinaonekana kwa macho, kwa hiyo inakufundisha tanuri lako lilivyo. Ilmeniti ni ngumu zaidi na haina huruma kwa joto pungufu.

Vipimo:

- Magnetiti gramu 300 na mkaa gramu 200
- Ilmeniti gramu 300 na mkaa gramu 100

Kwa hesabu tupu, ilmeniti gramu 300 inahitaji kaboni gramu 24 tu, lakini mkaa si kaboni tupu na mwingine huungua bure. Ziada haidhuru.

7. Andaa mkaa. Uponde uwe wa milimita 2 hadi 5, chekecha utupe unga wote. Sababu ni rahisi: gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa ndiyo inayofanya kazi, si mgusano wa mkaa na punje. Mkaa mkubwa kuliko punje utautoa baadaye kwa chekeche. Ukitumia unga wa mkaa, utakesha ukiutenganisha.

Wengine huchoma ilmeniti kwanza peke yake kwenye chombo wazi, karibu nyuzi 900 kwa saa moja, ili iungane na oksijeni. Inasaidia kweli, chuma hutoka haraka zaidi baadaye. Kama una muda, fanya.

8. Jaza na ufunge chungu. Tandaza mkaa sentimita 1 chini. Changanya madini na sehemu kubwa ya mkaa, mimina, kisha funika juu kwa mkaa wa sentimita 2. Ziba mfuniko kwa udongo wa mfinyanzi, ukiacha tundu moja la milimita 3. Kausha chungu karibu na moto kwa saa moja. Chungu chenye unyevu kikiingizwa kwenye moto mkali hupasuka, na chungu kisicho na tundu kinaweza kurusha mfuniko.

9. Choma. Kazi hii ni ya nje, mahali penye hewa. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua.

Pandisha moto taratibu kwa saa moja, kisha shikilia nyuzi 1,100 hadi 1,150 kwa saa tatu hadi nne. Kama huna kipimajoto cha waya, weka kipande cha shaba ndani ya kikombe kidogo cha udongo chenye unga wa mkaa na mfuniko, kando ya chungu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ikishakuwa tone, umefika. Punguza feni kidogo na ushikilie hapo. Usizidi 1,200. Rangi sahihi ndani ya tanuri ni ya chungwa inayoanza kuingia njano; ukiona njano inayokaribia weupe, umepita.

Kwenye tundu la mfuniko utaona mwali mdogo wa buluu. Ndio gesi inayotoka. Ukizimika kabla ya saa mbili, ama mkaa umekwisha au udongo umepasuka na gesi inatokea kwingine.

10. Pooza bila kufungua. Ziba tundu kwa udongo, acha chungu kipoe hadi unaweza kukishika kwa mkono mtupu. Kwa kawaida ni hadi kesho yake. Chuma kilichotoka hivi kina vitundu vingi sana, na kikikutana na hewa kikiwa moto kinarudi kuwa oksidi mbele ya macho yako, pengine kikiwaka. Saa zote za tanuri zinapotea kwa dakika tano za haraka.

11. Pima ulichopata. Chekecha mkaa utoke, pima. Magnetiti safi ya gramu 300 ikikamilika hubaki karibu gramu 217. Ilmeniti hubaki karibu gramu 268. Ilmeniti ikipoteza gramu 25 na zaidi, endelea; chini ya 15, irudishe motoni na mkaa mpya.

Magnetiti itakuwa imeshikana kidogo, rangi ya kijivu. Gonga kipande kwa nyundo juu ya fuawe: kikibonyea na kung'aa, ni chuma; kikisagika kuwa unga mweusi, bado. Vipande vizuri vinaweza kukusanywa, kupashwa moto mkali na kufuliwa pamoja kwa boraksi. Ilmeniti haitafulika: chuma chake kimetawanyika ndani ya punje za titani, na hapo ndipo sehemu ya tatu inapohitajika.

Sehemu ya tatu: kutu

12. Tia kutu. Ndani ya ndoo ya plastiki weka maji lita 3, amoni kloridi gramu 30, na punje ulizochoma gramu 250 hadi 270. Ingiza bomba la pampu hadi chini, na utafute njia ya kukoroga polepole mfululizo; mota ndogo yenye ubao wa plastiki inatosha. Dumisha maji kwenye nyuzi 60 hadi 70 kwa kuweka ndoo ndani ya beseni la maji moto.

Baada ya saa chache maji yatakuwa ya rangi ya matofali. Tegemea siku moja hadi tatu.

Watu huuliza kwa nini wasitumie chumvi ya mezani. Kwa chumvi hiyo kutu hujengeka ndani ya vitundu vya punje, ikaviziba, na kazi ikasimama. Amoni kloridi husaidia chuma kiyeyuke kwanza, kitoke nje ya punje, ndipo kigeuke kutu katikati ya maji. Siri yote ya hatua hii iko hapo. Maana yake pia ni kwamba hewa iwe nyingi: ikipungua, badala ya kutu nyekundu unapata tope jeusi linalovutwa na sumaku.

Usiweke jiki wala chokaa kwenye maji haya. Jiki na amoni kloridi hutoa gesi yenye sumu. Chokaa huitoa amonia.

13. Osha. Zima pampu, koroga, hesabu hadi kumi, kisha mwaga maji mekundu kwenye ndoo nyingine. Punje za titani zimebaki na ukubwa wake wa awali, hivyo hutua upesi. Kutu ni laini kama uji na huelea. Ongeza maji safi, rudia hadi maji yatoke bila rangi. Mara ya kwanza maji yakiwa mazito sana, yamwage yote na uweke myeyuko mpya wa amoni kloridi, uendelee na hewa kwa saa nyingine kumi na mbili.

Kausha kijiko kimoja ukijaribu kwa sumaku ya kawaida. Zikipanda punje nyingi, chuma bado kimo.

14. Safisha kwa asidi dhaifu. Viwandani hutumia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Anayeanza atumie asidi ya sitriki: gramu 100 ndani ya lita 1 ya maji, nyuzi 60, saa tatu hadi tano, ukikoroga. Mahali pawe na hewa na pasiwe na moto, kwa sababu chuma kilichobaki hutoa hidrojeni. Osha mara tano, kausha.

Utakuwa na punje za kahawia hafifu au kijivu. Kutoka gramu 300 za ilmeniti safi, titani yote ingekuwa gramu 158 za oksidi. Zaidi ya hapo ujue umebaki na chuma au mchanga. Viwanda vya njia hii hupita 90% ya oksidi ya titani. Mkupuo wako wa kwanza usiupime kwa kipimo hicho.

15. Rudisha chuma. Kutu uliyomwaga haitupwi. Iache itue, kausha, changanya na mkaa gramu 200 kwa kila gramu 300, kisha rudia hatua ya 8 hadi 11. Itatoka kama magnetiti ilivyotoka, tena kwa wepesi zaidi.

Kukienda kombo

*Neodimi haibebi ilmeniti.* Mchanga una unyevu, au tabaka ni nene, au mfuko ni mnene. Jaribu punje chache kavu juu ya karatasi kabla ya kulaumu sumaku.

*Chungu kimetoa mkate mmoja mgumu wa kioo.* Joto limezidi, au mchanga mweupe ulibaki mwingi. Mchanga mweupe hushikana na oksidi ya chuma na kuyeyuka mapema, ukafanya mavi ya chuma, yaani takataka zilizoyeyuka na kuganda kama kioo. Rudi kwenye karai.

*Uzito haukupungua.* Angalia shaba kwanza: kama haikuyeyuka, tatizo ni joto. Kama iliyeyuka, tafuta ufa kwenye udongo wa mfuniko.

*Punje zimetoka nyekundu juu na kijivu chini.* Ulifungua mapema au tundu lilibaki wazi wakati wa kupoa.

*Tope ni jeusi.* Ongeza hewa, koroga zaidi, usipite nyuzi 70.

*Kutu imesimama na sumaku bado inabeba punje.* Badilisha myeyuko. Kama haisaidii, ndani ya punje kuna ilmeniti isiyowahi kuchomeka. Sumaku kali pekee ndiyo inayozibeba hizo. Zichuje, zirudi motoni.

*Maabara inasema magnetiti yangu ina titani 5% na sumaku haiiondoi.* Haitaiondoa. Titani iko ndani ya fuwele yenyewe, wala kusaga hakusaidii. Magnetiti ya namna hiyo huyeyushwa kabisa ili titani ibaki kwenye mavi ya chuma. Hiyo ni kazi ya tanuri kubwa zaidi ya hili.

Mabaki

Maji ya amoni kloridi yanaua samaki. Usiyamwage mtoni wala kwenye mtaro. Yaache yatue, uyatumie tena kwa mkupuo unaofuata. Maji ya asidi ya sitriki yakusanye kwenye ndoo yake, mbali na ya amoni kloridi, uyatulize kwa magadi soda hadi yaache kutoa povu. Mchanga uliobaki baada ya sumaku, ule wenye chembe za njano, ulowanishe, uurudishe mahali ulipoutoa na uuchanganye na mchanga wa hapo, usikae rundo moja.